Somo la Tatu Limeganda

Niliteleza juu ya ghala la viazi, baridi ya Julai,
goti likageukia lisikotakiwa.
Fundi wa kuezeka asiyepanda ngazi ni nani? Mlaji tu.
Mjukuu wangu Yasna, kabla ya kurudi chuoni Valdivia,
akaniachia kishikwambi chake cha zamani,
kioo kimepasuka pembe hadi pembe,
na kalamu isiyojua wino.
"Babu, kilichoumia ni mguu," alisema. "Mkono huo hapo."

Basi nikawa mwanafunzi, miaka sitini na sita,
miwani puani, jiko la kuni mgongoni,
nje Chiloé inanyesha kama ilivyozoea, bila sababu.
Masomo ni ya bure, yamejaa mtandaoni.
Mwalimu ni binti wa mbali, anaitwa Nereida,
nywele fupi, ulimi haugusi chini.
"Chora duara," anasema.
Nikachora kiazi.
"Chora jingine, usiogope."
Kiazi kingine. Jioni ile nilivuna gunia zima.

Nilichopenda kwanza ni kitufe cha kutendua.
Unakosea, unagusa, kosa halikuwahi kuzaliwa.
Miaka arobaini nimechanja vigae vya mbao,
shoka likipita limepita,
kigae kilichopasuka ni kuni.
Siku tatu sikuchora kitu cha maana:
nilikuwa nakosea makusudi
nipate kufuta.

Kisha yakaja matabaka.
Nereida akaeleza, mimi nikamrudisha nyuma mara sita.
Nilipaka anga, anga ikaimeza nyumba.
Nilipaka nyumba, ikasimama mbele ya mlango wake.
Nikamtukana binti wa watu, kwa sauti, jikoni peke yangu,
hadi mkono wenyewe ukakumbuka:
huanzi kuezeka kileleni.
Unaanza ukingoni, safu ya chini kabisa,
ya pili inailalia, ya tatu inailalia ya pili,
kila moja inaficha sehemu kubwa ya mwenzake
ili mvua ikose pa kuingilia.
Ah! Kumbe ni paa.
Mbona hukusema hivyo, mwanangu, tangu mwanzo?

Somo la tatu, uso wa mtu.
Pua kwanza. La, macho kwanza. La, yai kwanza,
na msalaba ndani ya yai.
Dakika ya nne na sekunde kumi na moja
upepo ukaangusha kitu huko upande wa Castro
na Nereida akaganda.
Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu,
kidole hewani kinaonyesha kitu nisichokiona.
Nikangoja. Nikachochea moto. Nikapasha chai.
Yuko vilevile, kama mtu aliyeitwa ghafla kwa jina lake.

Nikamchora.
Hapakuwa na wa kuniambia nifanye nini.
Yai likainama kidogo. Shingo ikaja ndefu mno, nikaiacha.
Nilipofika kwenye ule mdomo
sikugusa kitufe cha kutendua hata mara moja,
sijui kwa nini, labda nilisahau kwamba kipo.
Ufa wa kioo ulimkata shavuni, nao nikauchora,
maana ulikuwepo.

Mtandao ukarudi usiku wa manane.
"...kwa hiyo msitarajie," akamalizia Nereida,
"kwamba kuna mtu atakayetulia ili mumchore."
Nilicheka hadi goti likauma.

Nikamtumia Yasna ile picha. Akajibu asubuhi:
"Babu, huyu nani? Na hilo kovu?"
Bado sijamjibu, nina kazi.
Leo ni somo la nne, mikono.
Nereida anasisitiza vidole vitano, kila kimoja na vifundo vyake.
Mimi naanza na huu wa kushoto, ambao shoka liliwahi kuupitia:
vinne na nusu.